Majina ya Jamaa za Elementi: Tafsiri na Ukweli wa Sifa

Mfasiri anapokabiliwa na istilahi ya kemia huwa na njia mbili kuu mbele yake: ama kulitohoa neno la kigeni, ama kulifasiri kwa maana yake. Mara nyingi twalichukua jambo hili kuwa ni la ladha tu, au la mapenzi ya lugha. Katika makala haya twapenda kuonyesha kwamba sivyo. Historia ya majina ya jamaa za elementi yatufundisha kuwa jina lenye kutaja sifa ni dai, na dai hilo laweza kubatilishwa na maabara miaka mingi baada ya kamusi kuchapwa.

Jamaa kabla ya jedwali

Jamaa hizo zilitambuliwa kabla ya jedwali lenyewe kuwapo. Mwaka 1829 mwanakemia Mjerumani, Johann Wolfgang Döbereiner, alionyesha kwamba baadhi ya elementi huenda tatu tatu: lithiamu, sodiamu na potasiamu, kalsiamu, strontiamu na bariamu, klorini, bromini na iodini. Katika kila utatu, uzito wa atomu ya elementi ya kati hukaribia wastani wa zile mbili za kando. Lithiamu ina 7 na potasiamu ina 39. Nusu ya jumla yake ni 23, nao ndio uzito wa sodiamu. Mwaka 1865 John Newlands wa Uingereza alizipanga elementi kwa uzito, akaona kuwa kila ya nane hufanana na ya kwanza. Alipoieleza hoja yake mbele ya wanakemia wenziwe London mwaka 1866, aliulizwa kwa kejeli kama amewahi kujaribu kuzipanga kwa alfabeti.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1869, Dmitri Mendeleev wa Urusi alitoa jedwali lake. Palipokosekana elementi ya kuifaa jamaa fulani, yeye hakulazimisha. Aliacha nafasi tupu. Tena alizipa zile zisizojulikana majina ya muda kwa kutumia neno la Kisanskriti, eka, maana yake moja: eka-aluminiamu, eka-boroni, eka-silikoni. Zote tatu zilipatikana, nazo zikaitwa galiamu mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879 na jermaniamu mwaka 1886. Yafaa tuzingatie kwamba majina yale ya muda yalitaja mahali pa elementi katika jamaa yake tu. Hayakudai sifa ambayo haijathibitishwa.

Magadi na majivu

Jamaa ya kwanza ni ya metali alikali. Metali hizi ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu. Huhifadhiwa ndani ya mafuta, kwani humenyuka upesi na hewa na maji. Kadiri tushukavyo kutoka lithiamu hadi sesiamu, ndivyo ukali unavyozidi. Sababu yake ni kwamba kila atomu ina elektroni moja tu katika mzingo wa nje, na mzingo huo ukiwa mbali zaidi na kiini, elektroni hiyo huachiliwa kwa urahisi zaidi.

Neno alkali latokana na Kiarabu, nalo lilitaja majivu ya mimea ya nchi za chumvi. Kutokana na asili hiyo hiyo lilipatikana jina la Kilatini la potasiamu, kalium, ambalo alama yake ni K. Sodiamu nayo yaitwa natrium kwa Kilatini, ndipo ikapewa alama Na. Asili yake ni natroni, yaani magadi, yaliyotumiwa Misri ya kale kuhifadhi maiti. Hapa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ziwa Natron la Tanzania na Ziwa Magadi la Kenya yana jambo moja katika majina yao, moja kwa neno la kigeni na la pili kwa neno letu. Mwalimu aanzaye somo la sodiamu kwa magadi ya kulainishia maharage ameanza mahali pema, maana ni kutokana na soda kali ambapo Humphry Davy aliitenga metali hiyo kwa umeme mwaka 1807.

Wazaa chumvi na mzaa asidi

Jamaa ya pili ni halojeni, jina litokanalo na Kiyunani kwa maana ya kizaa chumvi. Dai hilo limesimama. Florini, klorini, bromini na iodini zote hukosa elektroni moja tu ili kutimiza nane katika mzingo wa nje. Zikikutana na metali alikali, moja hutoa na nyingine hupokea, na chumvi huzaliwa. Ukali wao, tofauti na wa jamaa ya kwanza, hupungua kadiri tushukavyo.

Lakini jina la namna hiyo hiyo lilimponza mtu mkubwa. Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliita oksijeni kwa maana ya mzaa asidi, akiamini kwamba hapana asidi isiyo na oksijeni. Davy alionyesha mwaka 1810 kuwa klorini ni elementi, na kwamba asidi itokanayo na klorini na haidrojeni haina oksijeni hata chembe. Jina lilibaki, ila kosa lake halionekani kwa Mfaransa wala kwa Mswahili, kwa sababu maana imefichwa na Kiyunani. Wajerumani, walioifasiri maana hiyo kwa maneno ya lugha yao, wanalitamka kosa la Lavoisier wazi wazi hadi leo. Majuto ni mjukuu.

Gesi zilizokaa bwete

Mtihani mkubwa zaidi ni wa jamaa ya mwisho. Mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay walitambua katika hewa gesi isiyomenyuka na kitu, wakaiita agoni, maana yake mvivu. Heliamu, iliyojulikana kwanza kutokana na mwanga wa jua mwaka 1868, ilipatikana duniani mwaka 1895. Neoni, kriptoni na zenoni zikafuata mwaka 1898. Wengine waliziita gesi adimu, wengine gesi zisizoweza kumenyuka, na Wajerumani wakaziita gesi za kiungwana, kwa kuzifananisha na dhahabu isiyoshika kutu.

Mwaka 1962, huko Kanada, Neil Bartlett alitengeneza kampaundi ya zenoni. Tangu siku hiyo jina lenye kudai kutoweza halikuwa kweli tena. Adimu nalo lina kasoro yake: agoni ni karibu asilimia 1 ya hewa kavu, kiasi kinachoipita mno kabonidioksaidi, na heliamu ni ya pili kwa wingi katika ulimwengu mzima.

Sisi twaona kwamba neno bwete lafaa kuliko yote. Aliyekaa bwete si mtu asiyeweza. Ni mtu anayeweza ila hainuki. Ndivyo zilivyo gesi hizi: mzingo wao wa nje umejaa, hazina haja ya kutoa wala kupokea, lakini zenoni ikishurutishwa na kitu chenye nguvu kama florini, huinuka. Neno letu limetaja tabia bila ya kufunga mlango.

Kwa hiyo, kabla ya kuifasiri istilahi yenye kutaja sifa, mfasiri hana budi kujiuliza mambo mawili: Je, sifa hiyo ni ya kweli kwa jamaa nzima? Na je, neno la Kiswahili ladai zaidi ya vile ijulikanavyo? Jibu likiwa la mashaka, na alitohoe neno, amwachie mwalimu kazi ya kulieleza. Jibu likiwa zuri, kama lilivyo kwa bwete, basi asitafute ugenini alicho nacho nyumbani.