Oleg Yefremov

Oleg Yefremov (1 Oktoba 1927 – 24 Mei 2000) alikuwa mwongozaji wa tamthilia na mwigizaji wa filamu wa Urusi, mzaliwa wa Moscow. Alihitimu mwaka 1949 katika shule ya Ukumbi wa Sanaa wa Moscow, ule ulioasisiwa na Stanislavski na Nemirovich-Danchenko.

Mwaka 1956 yeye na vijana wenzake walianzisha kundi la Sovremennik kwa tamthilia ya Viktor Rozov kuhusu vita. Majukwaa ya enzi hiyo yalijaa hotuba na majigambo. Wao wakazungumza kama watu wazungumzavyo nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Mwaka 1970 alikabidhiwa Ukumbi wa Sanaa wenyewe.

Umma mpana ulimjua kwa sinema: Dolokhov katika Vita na Amani ya Bondarchuk, mpelelezi mpole wa Jihadhari na Gari (1966), na dereva teksi wa Mipopla Mitatu ya Plyushchikha (1968), ambaye abiria wake alikuwa Tatyana Doronina. Ukumbi ulipogawanyika mwaka 1987, ni Doronina huyohuyo aliyeongoza upande wa pili!

Yefremov alifariki akiandaa Cyrano de Bergerac. Nafasi yake ilichukuliwa na Oleg Tabakov, mmoja wa vijana wale wa 1956.