Mawe Meusi ya Frobisher

Vijana wa machimboni wakiniletea jiwe linalong'aa, huwasimulia kisa cha Martin Frobisher. Mwaka 1576 baharia huyo Mwingereza alirudi London na jiwe jeusi kutoka kisiwa cha Baffin. Wapimaji kadhaa hawakuona kitu. Giovanni Battista Agnello akadai lina dhahabu, naye ndiye aliyeaminiwa. Mwaka 1578 zikaenda merikebu 15, zikaleta zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Tanuri za Dartford hazikutoa dhahabu ya maana, na mfadhili wa safari hizo, Michael Lok, akafungwa kwa madeni.

Ndugu mchimbaji, gonga chembe kwa nyundo: dhahabu hubonyea, pairaiti, madini yanayofanana na dhahabu, husagika. Isugue kwenye kigae kisichong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti mweusi wenye ukijani. Pima kwanza, ukope baadaye.