Jim Abbott: Mrushaji wa Besiboli Aliyefika Ligi Kuu kwa Mkono Mmoja

James Anthony Abbott, ajulikanaye zaidi kwa jina la Jim Abbott, ni mchezaji mstaafu wa besiboli wa Marekani. Alizaliwa tarehe 19 Septemba, 1967, mjini Flint, katika jimbo la Michigan, bila kiganja cha mkono wa kulia. Pamoja na hali hiyo, alicheza misimu 10 katika ligi kuu ya nchi hiyo akiwa mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani.

Mrushaji hurusha mpira kwa mkono mmoja na kuudaka kwa glovu iliyovaliwa mkono wa pili. Abbott, tangu utotoni, alijizoeza kwa kurusha mpira ukutani. Aliegemeza glovu kwenye ncha ya mkono wa kulia, akarusha kwa mkono wa kushoto, kisha akaupenyeza mkono huohuo ndani ya glovu kabla mpira haujamrudia. Akishaudaka, aliibana glovu kifuani, akautoa mpira na kuurusha tena.

Akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alitunukiwa Tuzo ya James E. Sullivan ya mwaka 1987, itolewayo kwa mwanamichezo bora wa ridhaa nchini humo. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, ambako besiboli ilichezwa kama mchezo wa maonesho, alirusha fainali nzima na Marekani ikaishinda Japani 5-3.

Mwaka 1989 alijiunga na California Angels bila kupitia ligi za chini, akashinda michezo 12. Mwaka 1991 alishinda michezo 18. Tarehe 4 Septemba, 1993, akiwa New York Yankees, aliwanyima wapigaji wa Cleveland pigo halali hata moja, na timu yake ikashinda 4-0.

Hata hivyo, mwaka 1996 alishinda michezo miwili tu na kupoteza 18, na baadaye akaachwa na timu. Alirejea mwaka 1998 akiwa na Chicago White Sox, akashinda michezo mitano bila kupoteza. Alistaafu mwaka 1999 akiwa na ushindi wa michezo 87 na kupoteza 108.

Hesabu hiyo ilipatikana kwa kanuni zilezile zinazotumika kwa mrushaji yeyote. Abbott alipewa nafasi ya kujaribiwa, akapangwa alipofanya vizuri na kuachwa aliposhindwa. Alipimwa kwa kazi yake.