Kapata: kutoka kinga hadi mipira mitatu

Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa Gécamines mjini Kolwezi, ulizoea mishahara na malori ya kampuni. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, kampuni ikazidi kudhoofika, mizigo ikahamia kwenye kinga: makala, unga, baadaye madini. Kisha ikaja pikipiki, na sasa ile ya mipira mitatu.

Hii inawashinda hata madereva wazoefu. Pikipiki ya kawaida hulala kwenye kona. Hii hailali, hugeuzwa kwa nguvu za mikono, na ukikata kona mbio inapinduka. Shimo nalo: mpira wa mbele ukilikwepa, wa nyuma unaliingia. Familia zinazohama hupakia vitanda, sufuria, watoto juu kabisa. Uzito ukikaa juu, hata mwendo mdogo ni hatari.