MLINZI ALIYEBAKI NYUMA

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wadogo zetu mliopo madarasani hivi sasa,

Mkimwomba mpenzi yeyote wa kandanda wa rika letu awatajie Wajerumani wa mwaka 1974, atawatajia Franz Beckenbauer, Gerd Müller, Sepp Maier na Paul Breitner bila kusita. Ni wachache watakaomtaja Georg Schwarzenbeck. Nimemchagua yeye kwa makusudi, maana naona historia ya mchezo, kama ile ya mataifa, imezoea kumwandika mpanda farasi na kumsahau aliyemshikia hatamu.

Schwarzenbeck alizaliwa mjini Munich tarehe 3 Aprili 1948. Aliingia timu ya vijana ya Bayern Munich angali mvulana, akacheza mechi yake ya kwanza ya Bundesliga mwaka 1966, wala hakuihama klabu hiyo mpaka alipotundika viatu. Katika ligi alicheza mechi 416 na kufunga mabao 21. Timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi aliichezea mara 44 bila kufunga hata bao moja. Mwenye kumpima mchezaji kwa mabao atasema hapana kitu hapo. Lakini tuitazame kazi yenyewe.

Beckenbauer alikuwa mlinzi wa namna mpya. Hakupewa mtu wa kumkaba. Alisimama huru nyuma ya wenzake, na alipoona nafasi aliuchukua mpira akapanda nao, pengine hadi langoni mwa wapinzani. Ulimwengu ukamshangilia, ukamwita Kaizari. Hata hivyo, kila alipopanda aliacha pengo nyuma yake, na pengo halijizibi lenyewe. Mzibaji alikuwa Schwarzenbeck, ambaye juu ya kazi hiyo alipaswa pia kumkaba mshambuliaji wa kati wa upande wa pili. Kwao walimpa jina la utani, Msafishaji wa Kaizari. Wapo watakaoliona jina hilo kuwa ni dharau. Mimi naliona ni cheti, kwa kuwa bila msafishaji, Kaizari asingethubutu kuondoka nyumbani.

Matunda ya ushirikiano huo yanajulikana. Tarehe 18 Juni 1972, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, Ujerumani Magharibi iliifunga Urusi ya Kisovieti mabao 3–0 na kuwa bingwa wa Ulaya. Tarehe 7 Julai 1974, mjini Munich kwao, Uholanzi ilipata bao la penalti katika dakika ya pili tu. Wajerumani hawakutetereka, wakashinda 2–1 na kutwaa Kombe la Dunia. Schwarzenbeck alikuwamo katika fainali zote mbili.

Lakini siku yake hasa ilikuwa tarehe 15 Mei 1974, katika uwanja ule ule wa Heysel. Bayern ilikutana na Atlético Madrid katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya. Dakika 90 zilikwisha bila bao. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 114, Luis Aragonés alifunga kwa mpira wa adhabu, na Waspania wakaanza kuhesabu sekunde. Dakika ya 120 mpira ulimfikia Schwarzenbeck mbali na lango. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubaki nyuma akaupiga shuti kali la chini, ukampita kipa Miguel Reina, ukatinga wavuni. Kwa kanuni za wakati ule mechi ilirudiwa baada ya siku mbili. Bayern ikashinda 4–0, Müller na Uli Hoeneß wakifunga mawili kila mmoja, na kwa mara ya kwanza kombe hilo likaenda Ujerumani. Likabaki kwa Bayern mwaka 1975 na 1976 pia. Bila shuti lile moja la mlinzi, mechi ya marudio isingekuwapo.

Jeraha la kano ya kisigino ndilo lililomtoa uwanjani, akiwa amepita kidogo tu umri wa miaka 30. Hakutafuta makuu. Alifungua mlango wa duka la magazeti na vifaa vya kuandikia huko huko Munich, akauza madaftari na kalamu kwa miaka mingi, na klabu yake ya zamani ikawa miongoni mwa wateja wake.

Wadogo zetu, najua kila mmoja wenu anagombea jezi namba tisa, na darasani kila mmoja anataka kuwa kiranja. Si vibaya. Lakini timu ya watu kumi na mmoja wanaopanda wote hufungwa mapema, na shule isiyo na wa kufagia haikaliki. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mkipangwa nyuma, bakini nyuma kwa moyo mmoja. Na siku mpira utakapowafikia dakika ya 120, msiuogope.