Spika za televisheni na saundiba kwa pamoja

Kutumia spika za televisheni pamoja na saundiba ni kuutoa mlio wa kipindi kimoja kupitia vyombo viwili kwa wakati mmoja. Televisheni bapa ni nyembamba, na spika zake ndogo aghalabu hutazama chini au nyuma, kwa hiyo besi hukosekana na maneno hufifia. Saundiba, ile spika ndefu, huleta nguvu inayokosekana, lakini hulazwa chini ya kioo: mtangazaji yuko juu, maneno yake yanatokea mezani. Spika za televisheni zikiachwa wazi, sauti hupanda tena kuelekea mdomo wa msemaji.

Ugumu wote uko kwenye muda, kwa sababu kila chombo huchakata sauti kwa mwendo wake. Vikipishana milisekunde 1, muda ambao sauti husafiri takriban sentimita 34, mawimbi hufutana kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea, eneo lilelile la usemi wa binadamu. Mtu husikika kama anaongea ndani ya bomba. Helmut Haas, katika utafiti wake wa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1949, alionyesha kuwa sikio huunganisha milio miwili inayofuatana kwa karibu na kuielekeza kwenye chanzo kilichotangulia. Kwa usemi, tofauti ikizidi sana milisekunde 30 au 40, mwangwi huanza. Saundiba ikiunganishwa kwa Bluetooth, sauti mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100, ndiyo maana kila neno hurudiwa.

Ili kuondoa tatizo hilo, Samsung ilileta mfumo wa Q-Symphony mwaka 2020. LG ina WOW Orchestra na Sony ina Acoustic Center Sync. Hapo vyombo viwili hupatana muda na kugawana kazi. Mfano mzuri zaidi ni televisheni za OLED za Sony ambazo, tangu 2017, hutikisa kioo chenyewe kitoe sauti: kioo hubeba mazungumzo, saundiba hubeba muziki na vishindo. Sharti la mifumo hii ni gumu kwa mnunuzi: vyombo viwe vya chapa moja, na vya matoleo yanayokubaliana.

Kwa chapa tofauti, televisheni nyingi huzima spika zake zenyewe saundiba ikiunganishwa kwa HDMI ARC, na ni vyema ziachwe hivyo. Anayetaka kujaribu kuvitumia vyote viwili aweke taarifa ya habari na asikilize herufi kali, t na k. Zikigonga mara mbili, arekebishe ucheleweshaji kwenye menyu. Zikiendelea kugonga mara mbili, azime spika za televisheni.