Kutoka mtalawanda hadi pedi: historia ya mguu usioteleza

Mpwa wangu hufanya kazi kwenye boti za watalii Fumba, kusini magharibi mwa Unguja. Juzi kanunua ubao wa kupandia mawimbi, mtumba, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ubao ulikuja na pakiti isiyofunguliwa. Ndani mlikuwa na pedi ya sponji ya kubandika mkiani, pale unapokanyaga mguu wa nyuma. Magharibi ilipokaribia akaniletea vyote viwili barazani.

"Mjomba, nibandike au nisibandike? Wanasema gundi yake ikishika, imeshika."

Nikamwambia akae kwanza. Swali lake ni kongwe kuliko ubao wake.

Wazee wetu wa Mji Mkongwe walilijibu kwa mtalawanda. Kile kiatu cha mti hakikuwa na ukanda wala kamba. Kilikuwa na kijiti kimoja tu, msuruaki, unaobanwa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Kilivaliwa chooni, kisimani na mahali pa kutilia udhu, ambako sakafu haikauki. Anayekivaa mara ya kwanza hutembea kama bata. Aliyekizoea hushuka nacho ngazi huku ameshika ndoo. Kazi yote inafanywa na vidole viwili vilivyojua mahali pao.

Baharini mambo yalikuwa mengine. Mvuvi wa Fumba hapandi ngalawa na viatu. Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na tezo huacha makovu yanayoupa unyayo pa kushika. Halafu kuna matengo, ile miti ya pembeni inayoegemea maji kulia na kushoto. Hayo ndiyo yanayomwezesha mtu kusimama juu ya chombo chembamba kiasi hicho na kuvuta nyavu bila kupinduka.

Hapa ndipo historia ya Fumba inapokutana na ubao wa mpwa wangu. James Hornell, Mwingereza aliyechunguza vyombo vya bahari, aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba matengo ya pande mbili ya Afrika Mashariki yana undugu na yale ya visiwa vya Indonesia. Watu wa visiwa hivyo walivuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska, ambako lugha iliyozaliwa na yao inazungumzwa hadi leo. Jamaa zao wa upande wa pili walielekea mashariki, kisiwa baada ya kisiwa, mpaka Hawaii. Huko ndiko kusimama juu ya ubao kulikogeuka kuwa sanaa ya wafalme na ya wavuvi. Mwaka 1779 James King, ofisa katika msafara wa Kapteni Cook, aliandika kwa mshangao jinsi wenyeji wa Kealakekua walivyopanda mawimbi ambayo mabaharia wake waliyaogopa. Kwa hiyo, kama Hornell yuko sahihi, ngalawa ya Fumba na ubao wa Hawaii ni watoto wa ukoo mmoja wa wanamaji, waliopotezana njiani.

Wahawaii waliupaka ubao mafuta ya kokwa za kukui ili mti usinywe maji. Watu wa pwani yetu walipaka vyombo vyao sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haisahauliki. Huko na huku mafuta yalikuwa ya kuhifadhi mti. Mguu ulijitafutia wenyewe.

Nta ilikuja baadaye. Kisa kinachosimuliwa na wengi ni cha kijana wa Palos Verdes, California, Alfred Gallant, mwaka 1935. Aliona jinsi miguu inavyonata kwenye sakafu ya kwao iliyopakwa nta, akaijaribu nta hiyo kwenye ubao wake. Ikafaa, na baadaye watu wakazoea kupaka parafini, ile nta ya mishumaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mbao za mti zilipisha mbao za povu zilizovikwa faibaglasi. Zikawa nyepesi, zikawa za haraka, na zikawa laini kama kioo. Aliyesema kuteleza si kuanguka hakuwahi kusimama juu ya faibaglasi iliyolowa. Nta ikawa lazima.

Lakini nta ni mtoto wa maji baridi. Kwetu, ambako maji ya bahari hayashuki sana chini ya nyuzi 25, nta ya kawaida inalainika. Ubao ukisahauliwa juani nusu saa, nta inatiririka mchangani. Ndiyo maana viwanda hutengeneza nta ngumu zaidi kwa ajili ya nchi za joto, na hata hiyo hutakiwa kupakwa tena na tena.

Katika miaka ya 1960 Tom Morey wa California alitafuta njia ya kuachana na nta. Alitengeneza rangi ya kupuliza, Slipcheck, iliyokauka ikawa na chembechembe kama msasa. Mguu ulishika kweli, lakini na kifua kilichubuka, maana mpanda mawimbi hulala kifudifudi anapopiga makasia kwa mikono. Mwaka 1976 Herbie Fletcher, naye wa California, akaanzisha Astrodeck, na pedi za sponji za kubandika zikaanza kupata soko.

Hata hivyo, kilichozipa pedi mahali pake ni mabadiliko ya ubao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mbao zilifupishwa. Mwaka 1981 Mwaustralia Simon Anderson alishinda mashindano ya Bells Beach kwa ubao wenye mapezi matatu chini ya mkia, na mtindo huo ukaenea duniani kote. Juu ya ubao mfupi wa mapezi matatu, mguu wa nyuma ndio usukani. Ukikaa juu ya mapezi, ubao unakata kona. Ukisogea mbele kidogo, ubao unagoma. Pedi ina ukingo ulioinuka nyuma na tuta dogo katikati, ili mguu uhisi mahali pake bila macho kutazama chini. Ni msuruaki mwingine huo, wa sponji.

Na sponji yenyewe hatuhitaji kuiagiza ng'ambo ili tuijue. Pedi nyingi hutengenezwa kwa EVA, jamaa ya sponji za kandambili nyingi tunazovaa. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni na mijini. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Unguja. Watu walikitazama wakicheka kwa rangi zake, kisha wakanyamaza walipokumbuka kandambili hizo zilikotoka.

Mpwa wangu akanikatiza: "Sasa jibu, Mjomba."

Nikaupima ubao kwa mikono. Ni mfupi, mapezi matatu. Kwa ubao kama huo, bandika. Ungekuwa ubao mrefu, ambao mtu hutembea juu yake mbele na nyuma, ningesema acha, tumia nta tu. Angekuwa mwanafunzi wa jana na juzi, asiyejua bado mguu wake wa nyuma ni upi, ningesema subiri msimu mmoja, maana pedi humfaa aliyekwisha kujua mahali pa kukanyaga.

Na abandike kwa utaratibu. Akwangue nta yote ya zamani, afute kwa spiriti, aiweke pedi bila kutoa karatasi ya gundi, aipigie mstari kwa penseli juu ya mapezi, mbele ya tundu la kamba ya kufungia mguu. Ndipo aibandike, aikandamize kwa nguvu, na asiutie ubao majini mpaka siku nzima ipite. Mguu wa mbele ubaki na nta.

Ajue pia kwamba Fumba si mahali pa kuijaribu. Unguja yenyewe na visiwa vidogo vya ghuba ya hapo huvunja nguvu za bahari kuu kabla haijafika. Mawimbi yako pwani ya mashariki, kwenye miamba ya mbali, na huko asiende bila mwenyeji anayejua maji kupwa na kujaa.

Jambo la mwisho. Ghuba ya Menai, ambayo Fumba ndiyo mlango wake, imekuwa hifadhi tangu 1997. Siku pedi itakapochakaa na kubanduka vipandevipande, asiitupe ufukweni. Mikokoni imeshapokea kandambili za kutosha.